Hoho Zilizogeuka Kali

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, watoto kumi wa kikundi cha bustani walijipanga kwenye bomba lililokuwa nyuma ya madarasa, kila mmoja na kopo lake mkononi. Bomba lile lilikuwa na tabia ya kukohoa kwanza na kutoa maji baadaye, kwa hiyo foleni ilikuwa ndefu na maneno yalikuwa mengi. Aliyekuwa mbele siku zote ni msichana wa miaka kumi na miwili aliyeitwa Chapuchapu.

Jina hilo alipewa na bibi yake, na hakuna aliyelipinga. Alikula chapuchapu, akaoga chapuchapu, na alipofagia chumba nusu ya vumbi ilibaki palepale ikimtazama. Bustanini haraka yake ilimfaa. Tuta lake ndilo lililotangulia kulimwa, kupandwa na kuzaa. Lilikuwa na miche minane ya pilipili hoho, na watoto wengine walipootesha mbegu za pakiti kutoka dukani, yeye aliotesha zake mwenyewe. Msimu uliopita alikuwa ametoa mbegu kutoka kwenye hoho yake nene kuliko zote, akazianika dirishani, akazihifadhi kwenye kopo dogo la bati. Habari ya kopo hilo aliisimulia kwa yeyote aliyekuwa na masikio.

Tuta lililopakana na lake lilikuwa la msichana wa darasa lake aliyeitwa Kimya. Huyo, msimu huu kama uliopita, alipanda pilipili kali, zile ndefu nyekundu. Kimya hakuwa bubu. Alikuwa mtu wa kufikiri kwanza, na mara nyingi alipomaliza kufikiri wenzake walikuwa wameshahamia kwenye mazungumzo mengine.

Kikundi hicho kilikuwa na sheria yake: hakuna kushika jembe kabla ya kushika kitabu. Sheria ilitoka kwa mkutubi, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliyefungua maktaba ya shule Jumatatu na Ijumaa tu. Kwenye mlango wa maktaba alikuwa amebandika karatasi yenye kichwa kilichosema "Vitabu Ninavyovipendekeza kwa Wapanda Pilipili". Vilikuwa vitatu, na chini ya kila kimoja aliandika neno lake kwa wino wa bluu.

Cha kwanza kilikuwa kitabu kikubwa cha picha. "Anza na hiki," aliandika. "Utajua pilipili ziko za aina ngapi, na utaacha kudhani kila nyekundu inawasha." Cha pili kilikuwa cha mapishi. "Kurasa zenye madoa ya mafuta ndizo zenye mapishi mazuri. Madoa ni yangu." Cha tatu kilikuwa chembamba, chenye jalada la kijani, na kilihusu mbegu. "Hakina picha hata moja na herufi zake ni ndogo kama siafu. Vumilia. Wengi hukikimbia hiki kwenda jikoni, halafu hurudi kunililia."

Aliyemaliza kitabu alitia saini kwenye kadi yake, na mwenye saini tatu alipewa tuta. Kadi ya Chapuchapu ilikuwa na saini tatu, kubwa, zenye mikia ya kupendeza. Ya kwanza na ya pili zilikuwa halali kabisa. Kuhusu ya tatu, mwenyewe hakupenda kuifikiria sana.

Jumamosi moja alirudi nyumbani na hoho zake za kwanza, nne, zimejaa mfuko. Bibi yake alikuwa fundi cherehani, na siku hiyo alikuwa ameketi kwenye mashine yake karibu na dirisha, amezungukwa na sare za shule alizokuwa anazipunguza kiuno.

"Bibi, leo sogea. Napika mimi," alisema Chapuchapu.

"Makubwa haya! Mwenye nyumba nimefukuzwa jikoni," alisema Bibi huku akicheka. Kwa kweli alifurahi. Bibi alikuwa na vidonda vya tumbo, na tangu daktari ampige marufuku pilipili miaka miwili iliyopita, chakula kilipooza mdomoni mwake. Hoho ndiyo pilipili pekee aliyoruhusiwa, maana ina harufu tu na haina moto.

Chapuchapu alifungua kitabu cha mapishi kwenye ukurasa wenye madoa kuliko yote. Alizikata hoho vichwa, akatoa mbegu, akazijaza wali uliochanganywa na vitunguu na karoti, akazipanga kwenye sufuria na kuzifunika. Nyumba nzima ilinukia. Alipopakua, alimpa Bibi ile ndefu kidogo yenye ncha, kwa sababu ilikuwa imeiva vizuri zaidi.

Bibi alitafuna mara moja, mara mbili. Kisha akaacha kutafuna. Macho yalimtoka, machozi yakafuata, kwikwi ikaanza.

"Maji!" alisema kwa shida. "Maji, mjukuu wangu!"

"Si maji, Bibi! Kitabu kinasema maziwa!" Chapuchapu alikimbilia maziwa, akamwaga nusu sakafuni, nusu akamnywesha Bibi. Baada ya robo saa kinywa kilipoa, lakini tumbo halikupoa. Bibi alilala hadi alasiri ameukumbatia mto, na cherehani ilinyamaza.

Mama yake Chapuchapu, ambaye alikuwa muuguzi, alirudi kutoka zamu akampa Bibi dawa. Kisha akasimama mlangoni mwa jikoni, mikono kiunoni.

"Umetia nini humu?"

"Hoho tu, Mama. Haki ya Mungu."

"Hoho haiwashi hivi. Niambie ukweli."

"Ndio ukweli! Kama kuna pilipili humu, basi kuna mtu ameitia huko bustanini."

Alilisema neno hilo kwa kujitetea tu. Lakini lilipokwisha kutoka lilirudi na kukaa kichwani mwake, na Jumapili nzima halikuondoka. Kuna mtu.

Jumatatu asubuhi Chapuchapu alifika bustanini kabla hata bomba halijaanza kukohoa. Alikata kipande kidogo cha tunda kutoka kila mche na kukigusisha kwenye ncha ya ulimi. Mche wa kwanza ulikuwa mtamu, na wa pili pia. Wa tatu ulimrusha nyuma hatua mbili. Alipofika wa nane midomo yake ilikuwa imevimba, lakini hesabu alikuwa nayo: miche mitano mitamu, mitatu mikali. Kama yote ingekuwa mikali angedhani mbegu zake zina kasoro. Lakini mitatu kati ya minane? Huo, alijiambia, ni mkono wa mtu.

Na alijua mkono wa nani. Miezi mitatu nyuma, miche ilipokuwa bado midogo kwenye kitalu, alipata homa akalala nyumbani siku tatu. Aliyemwagilia miche yake siku hizo alikuwa Kimya. Wakati ule alimshukuru sana, hata akamgawia karanga. Sasa alianza kuzijutia karanga zile. Miche ya hoho na miche ya pilipili kali ikiwa midogo hufanana kabisa; nani angemwona mtu aking'oa mitatu ya huku na kuchomeka mitatu ya kule? Na wivu? Wivu ulikuwepo, lazima. Nani asiyelionea wivu tuta la Chapuchapu?

Alichukua daftari, akaandika juu ya ukurasa wa mwisho: "Ushahidi." Kuanzia hapo Kimya hakuinua mguu bila jicho la pembeni kumfuata.

Siku hiyohiyo ushahidi ulianza kumiminika. Saa ya mapumziko Kimya hakucheza. Alikaa nyuma ya stoo ya majembe anasoma kitabu kilichofunikwa gazeti, na Chapuchapu aliposogea alikifunga haraka. Kwa nini mtu afunike kitabu? Kwa nini akifunge? Kisha Kimya alipita kando ya tuta la Chapuchapu, akasimama, akaangalia mche wa tatu, halafu wa tano, halafu wa nane. Hakuangalia mingine. Ni ileile mitatu! Mtu asiye na hatia angeijuaje?

Kimya aligeuka akamkuta amesimama nyuma yake. "Chapuchapu," alisema polepole, "zile mbegu zako za kwenye kopo..."

"Zina nini?"

Kimya alifungua mdomo. Watoto wawili walikuja wakikimbizana na makopo, wakasimama karibu kusikiliza, na Kimya akaufunga tena. "Basi. Nitakuambia baadaye."

Chapuchapu aliandika hilo nalo, akalipigia mistari miwili.

Mchana alikwenda maktaba. Alitaka kujua kitabu kilichofunikwa gazeti ni kipi.

"Shikamoo. Naomba kuuliza, kile kitabu cha mbegu amekiazima nani?"

"Marahaba. Anacho jirani yako wa tuta," alisema mkutubi. "Amekiazima mara ya tatu sasa. Mbona unakiulizia? Wewe si umeshakisoma?" Aliishusha miwani na kumtazama juu yake.

"Nimeshakisoma. Nataka... kukumbuka kitu."

"Kitu gani? Labda ninakikumbuka mimi. Kipo sura ya ngapi?"

Ukweli ni kwamba alisoma kurasa mbili za mwanzo, akasinzia, akaruka hadi ukurasa wa mwisho, akaona neno "Mwisho", akatia saini. Hakujua hata kitabu kina sura ngapi.

"Nitarudi Ijumaa," alisema, akatoka kabla hajaulizwa lingine. Mgongoni alihisi macho ya mkutubi hadi alipopinda kona. Hata huyu mama, aliwaza, sijui ana lake jambo.

Jumanne Chapuchapu alibeba daftari lake hadi kwa mwalimu wa bustani. Mwalimu huyo kazi yake hasa ilikuwa kufundisha hesabu. Bustani alikabidhiwa tu kwa sababu dirisha la chumba chake lilitazama matuta. Alijua kupima nafasi ya mche na mche kwa rula, na zaidi ya hapo alijifunza pamoja na watoto. Alionja tunda la mche wa tatu, akakohoa hadi akakaa, kisha akalisoma daftari lote na kumwita Kimya.

"Siku hizo tatu, nani mwingine aliingia kwenye kitalu?" aliuliza mwalimu.

"Mimi peke yangu, Mwalimu," alijibu Kimya.

"Na wewe ndiye pekee mwenye pilipili kali."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ukitoa wote ambao hawakuwepo, anabaki mmoja. Unalo la kusema?"

Kimya alimtazama Chapuchapu, akamtazama tena, kama mtu anayesubiri mwenzake aseme kitu. Chapuchapu aliangalia ukutani.

"Sikubadilisha mche hata mmoja," alisema Kimya. "Sina jingine la kusema leo."

Kwa nini leo? Hata mwalimu aliliona hilo ni la kutilia shaka. Alisema Kimya asikanyage bustanini mpaka Jumatatu, na Jumatatu kikundi kizima kitakutana. Kama hatakuwa na maelezo, tuta lake litapewa mtoto mwingine. Kimya alilia palepale, bila sauti, akijifuta kwa mkono wa shati. Lile tuta alililima miaka miwili, udongo wake aliuchekecha kwa mikono, na wote walijua hivyo. Chapuchapu alijiambia kwamba haki imetendeka. Ajabu ni kwamba chakula cha mchana siku hiyo hakukila chapuchapu.

Habari zilienea shuleni kabla ya kengele ya kutoka. Jumatano mtoto mmoja alilizungushia tuta lake kamba. Alhamisi mwingine alionekana akinusa majani ya karoti zake, akishuku zimebadilishwa kuwa kitu ambacho hakukijua. Waliokuwa wakisaidiana kumwagilia sasa kila mmoja alikumbatia kopo lake. Mtu akiinama kwenye tuta, watatu walisimama kumwangalia anafanya nini. Na kwenye tuta la Kimya hakuna aliyethubutu kumwaga hata tone, asije akaitwa mwenzake. Jua lilikuwa kali. Kufikia Alhamisi alasiri majani ya pilipili zake yalikuwa yamelegea na kuning'inia.

Ijumaa maktaba ilipofunguliwa, Chapuchapu alikuwa mlangoni. Alimwona Kimya akirudisha kitabu cha kijani, akatoka ameinamisha kichwa. Kabla mkutubi hajakiweka rafuni, Chapuchapu alikuwa amekishika. Alikuwa na hakika kwamba humo ndani atapata alama ya mwisho ya hatia. Pengine Kimya alijifunza humo namna ya kuhamisha miche bila kuonekana.

Alikaa kwenye kona, akakifungua. Kitabu kilijifungua chenyewe kwenye sura ya nne, palipokuwa na kipande cha karatasi kilichokunjwa na kusahauliwa. Alianza kusoma pale, na safari hii alisoma polepole, kila neno, kwa kuwa alikuwa akitafuta kosa la mtu.

"Hoho na pilipili kali ni ndugu," kilisema kitabu. "Zikichanua jirani, nyuki hubeba unga wa maua kutoka kwa moja hadi kwa nyingine. Tunda la hoho la msimu huo halitabadilika. Utalila na utaliona tamu. Kilichobadilika ni baadhi ya mbegu zilizomo ndani. Ukizipanda mbegu hizo msimu unaofuata, miche kadhaa itazaa matunda yanayowasha, mara nyingi membamba na yenye ncha. Kwa hiyo usitunze kamwe mbegu za hoho iliyokua karibu na pilipili kali. Wapandaji wengi wamegombana na majirani zao kwa jambo lililofanywa na nyuki."

Chapuchapu alisoma mara ya pili. Masikio yalimwaka moto. Msimu uliopita tuta lake lilikuwa palepale, ubavuni mwa pilipili za Kimya. Hoho yake nene kuliko zote ilikuwa mstari wa mwisho, hatua moja tu kutoka kwenye maua ya jirani. Kopo la bati alilojivunia ndilo lililobeba ukali hadi mdomoni mwa Bibi. Hakuna mtu aliyebadilisha kitu.

Alikunjua ile karatasi. Ulikuwa mwandiko wa Kimya, mdogo na ulionyooka: "Mche wa 3, 5 na 8. Matunda yana ncha. Hakusoma hapa, lakini alitia saini. Akijulikana atanyang'anywa tuta. Nimwambie mwenyewe kwanza, tukiwa wawili."

Chapuchapu aliirudia karatasi ile neno kwa neno. Kumbe wakati wote alipokuwa akimwandikia ushahidi, mwenzake alikuwa akimtafutia nafasi ya kumwambia bila kumwaibisha. Kumbe "sina jingine la kusema leo" lilikuwa la kumkinga yeye. Aliona aibu hadi akatamani sakafu ifunguke. Halafu, na hili lazima lisemwe, alipatwa na wazo baya. Karatasi ile ikichanwa, kitabu kikirudi rafuni, nani atajua? Wanaokisoma kitabu kile ni wachache. Aliitazama meza ya mkutubi. Mkutubi alikuwa anamtazama.

"Umekumbuka ulichotaka kukumbuka?" aliuliza.

"Bado," alisema Chapuchapu. Aliiingiza karatasi mfukoni, akaondoka.

Nyumbani alimkuta Bibi amerudi kwenye cherehani, anakata uzi kwa meno. Chapuchapu alijikunyata kwenye kiti akachezea vifungo. Dakika tano zilipita bila yeye kusema neno, na kwa mtoto yule hiyo ilikuwa dalili ya ugonjwa.

"Una nini?" aliuliza Bibi. "Jumatatu ulikuja hapa unatamba umemkamata mwizi wa miche. Leo unaonekana kama mwizi ni wewe."

Basi yakatoka yote: saini, kitabu, nyuki, karatasi, Kimya anavyojifuta machozi kwa shati. Bibi alisimamisha cherehani, akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo, kinywa changu kilichomwa na uvivu wako wa kusoma," alisema.

"Nisamehe, Bibi."

"Mimi nimekwisha kukusamehe. Iliniwasha robo saa, tumbo likauma siku moja, leo nashona. Lakini yule mtoto wa watu unamchoma siku ya nne hii. Na amekaa kimya ili wewe usiungue. Sasa unaniomba mimi msamaha wa nini? Mimi siye anayeumia."

"Nikisema, tuta langu litachukuliwa, Bibi. Na wote watanicheka."

"Watakucheka, ndiyo. Tuta utalikosa, ndiyo. Sitakudanganya." Bibi aliingiza uzi kwenye sindano, akamtazama. "Lakini usiposema, utakosa tuta lako au la mwenzio?"

Chapuchapu alilijua jibu.

Jumamosi alikwenda shuleni, akamwomba mlinzi amfungulie, akalimwagilia tuta la Kimya makopo kumi na mawili. Majani yalianza kuinuka. Moyo wake haukuinuka, maana kumwagilia kwa siri alijua hakutoshi.

Jumatatu kikundi kilikusanyika kwenye kibaraza cha maktaba, mkutubi naye akatoka kusikiliza. Kimya alisimama peke yake. Wengine walikuwa wamemwachia nafasi kana kwamba ana upele. Mwalimu alifungua daftari la ushahidi, akasafisha koo.

"Mwalimu," alisema Chapuchapu, kabla hajapata muda wa kuogopa zaidi. "Naomba niseme mimi."

Alieleza habari ya mbegu za kopo, akasoma kwa sauti sura ya nne, mstari kwa mstari. Watoto walianza kunong'ona. Kisha akafika mahali pagumu.

"Haya yote yapo kwenye kitabu cha tatu. Nilitia saini kwamba nimekisoma. Nilidanganya. Nilisoma kurasa mbili. Kimya aliyajua haya yote na hakunitaja, hata nilipomsingizia mbele ya Mwalimu." Alimgeukia. "Hukufanya kitu. Uliimwagilia miche yangu nilipoumwa, basi. Nisamehe."

Mtoto mmoja alicheka. Wengine hawakucheka. Yule aliyezungushia tuta lake kamba aliangalia miguu yake.

Mwalimu wa bustani alifunga daftari polepole. "Na mimi nina kosa," alisema. "Nilihesabu waliokuwepo kwenye kitalu, lakini nyuki sikuwahesabu, na wala sikuuliza mbegu zilitoka wapi. Mwanangu," alimwambia Kimya, "tuta ni lako. Nisamehe na mimi."

Kimya alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalimlengalenga, lakini safari hii alikuwa akitabasamu.

"Na hili tuta la hoho?" aliuliza mtoto mmoja.

Wote walimtazama mkutubi. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi. "Sheria ni sheria. Saini ya uongo, hakuna tuta hadi msimu ujao. Saini yako ya tatu utaitia upya siku utakapoweza kunieleza kila sura, na nitauliza hadi ile yenye herufi ndogo kuliko zote."

"Ndiyo, Mama," alisema Chapuchapu. Ilimuuma, tena sana.

"Sasa sikilizeni wote," alisema mkutubi, "maana wiki nzima nimewaona mnanusana kama mnatafuta kitu kilichooza. Kushuku si dhambi. Bibi wa watu ameungua, lazima mtu ajiulize kwa nini. Lakini mwenzenu alipojiuliza, alianza na jirani, akaandika ukurasa mzima juu yake, na juu ya kazi yake mwenyewe hakuandika hata mstari. Swali la kwanza lilikuwa jepesi: mimi nilifanya nini, na kipi sikufanya? Angejiuliza hilo Jumamosi ileile, angekumbuka kitabu ambacho hakukisoma, na hakuna ambaye angelia. Kazi uliyoidanganya hukaa kimya kwa muda, kisha hujitokeza, na mara nyingi humwangukia asiyehusika. Ndiyo sababu ninawataka msome, na ndiyo sababu ninawataka mseme kweli mkiwa hamjasoma. Mtoto akiniambia, 'Kitabu hiki kimenishinda,' nitakaa naye tukisome pamoja. Hilo sijawahi kumnyima mtu."

Kengele ililia, watoto wakatawanyika. Aliyeweka kamba alikwenda kuifungua. Chapuchapu alibaki amesimama, na Kimya naye hakuondoka.

"Umenisamehe?" aliuliza Chapuchapu.

Kimya alifikiri. Alifikiri muda mrefu, na Chapuchapu hakumkatiza.

"Bado," alisema hatimaye. "Niliumia sana. Nikikusamehe nitakuambia."

"Sawa," alisema Chapuchapu.

Kimya alichukua kopo lake akaenda kwenye bomba. Chapuchapu aliinama mwanzo wa tuta la mwenzake, kwenye magugu yaliyoota zile siku alizozuiwa kuingia, akaanza kuyang'oa moja moja, na mizizi yake.